Bonge la Uzi Lenye Joto

Mtanisamehe sana. Hadithi ya kutisha inataka msimulizi mwenye sauti nzito na uso wa msibani, na mimi nilipewa uso wa mtu aliyekalia bakuli la uji na hajui aanze kumlaumu nani. Maisha yangu yote nimekula kwa kuanguka jukwaani makusudi. Kwa hiyo mkifika pale pa kuogopa mkakuta nimechomeka mzaha, msinirushie viatu. Mkirusha, rusheni jozi.

Jioni hiyo nilikuwa nakwenda kwa dada yangu kuchukua skafu.

Skafu yenyewe ilikuwa ya mchezo wetu mpya. Nilikuwa bwana harusi anayenyongwa na skafu yake mwenyewe mbele ya wakwe, na nilimwambia dada aifume ndefu kama korido ya hospitali. Dada yangu ni mfumaji. Anafuma masweta ya wanafunzi na kofia za watoto wachanga. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, akanifundisha kufunga kamba za viatu na kupenga kamasi, kwa mpangilio huo. Angeniambia niruke dirishani, ningeuliza tu dirisha lipi.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Taa za barabarani zilikuwa hazijawaka. Nikabisha kwa mtindo wangu.

"Hodi! Polisi! Tumesikia humu anaishi mwanamke mzuri bila kibali!"

"Ingia, mdogo wangu."

Hakucheka. Redio yake, ambayo huzungumza peke yake kuanzia asubuhi, ilikuwa imezimwa. Chumba kilinuka dawa ya kuchua. Na nyuma ya pazia, chumba cha ndani, nilimsikia shemeji yangu akipumua.

Kruuu... kimya... kruuu...

Kama mtu anayeburuta kiti juu ya sakafu ya saruji. Shemeji alikuwa fundi rangi, na rangi za nyumba za watu zilikuwa zimemkalia kifuani. Mtu mnuni yule! Tangu amwoe dada yangu hajawahi kucheka mzaha wangu hata mmoja. Akinisikia naingia alikuwa anageuzia uso ukutani, kana kwamba ukuta ndio uliolipiwa kiingilio.

"Anaendeleaje?" nikanong'ona.

"Daktari kasema tumrudishe tu nyumbani."

Nikaelewa. Nikatafuta mzaha wa kumtoa dada machozini, sikuupata haraka, nikaketi.

Mezani kulikuwa na mashine yake ya kukunjia uzi. Kama hamuijui, ni kidude kidogo kinachobanwa ukingoni mwa meza kwa skrubu. Kina mpini wa kuzungusha kwa mkono, kijicho cha waya cha kupitishia uzi, na kijiti cha katikati kinachozunguka. Uzi wa sufu huuzwa ukiwa kitanzi kikubwa, na ukijaribu kuufumia hivyohivyo utalia. Mashine inaukunja uwe bonge safi, bapa juu na chini. Uzuri wa bonge la mashine ni kwamba mwanzo wa uzi unabaki tumboni. Ukifuma unavuta kutoka ndani, bonge limetulia pale pale mezani, halibingiriki kama lile la kukunja kwa mkono.

Lakini mashine hii haikuwa ile ninayoijua. Ile ya zamani ilikuwa ya plastiki nyekundu. Hii ilikuwa ya mbao nyeusi, na mpini wake ulikuwa umeng'aa kwa kushikwa.

"Umenunua mpya?"

"Mwanamke mmoja kaniachia. Nishikie uzi kwanza, skafu utapewa."

"Kiti chako cha kuvalisha uzi kimegoma? Kile hakilalamiki, hakiombi chai."

"Leo nataka mikono yako."

Nikainyoosha. Akanivika kitanzi cha uzi kwenye viganja, nikawa kama mtuhumiwa. Uzi ulikuwa wa kijivu. Ukanifikia puani harufu yake, na nikashangaa, maana ilikuwa harufu ya shati langu la jukwaani: jasho, poda, na sigara za watu wengine.

"Afande, nakiri makosa yote," nikasema. "Hata yale ya jirani."

"Umekubali kunishikia?"

"Si unaona nimeshika?"

"Sema kwa mdomo, kaka'ngu. Kama hutaki, sema hutaki, uende zako."

Alikuwa haniangalii usoni. Alikuwa anaangalia mikono yangu. Mtu mwenye akili timamu angeuliza kulikoni. Mimi nikasikia mtu ananipa nafasi ya kuchekesha, na nafasi ya kuchekesha sijawahi kuiacha ipite, hata makaburini. Nikainama kama mbele ya ukumbi uliojaa.

"Vuta, dada! Vuta mpaka niishe!"

Akafumba macho.

"Mmesikia," akasema.

Mmesikia? Nani na nani?

Akaanza kuzungusha.

Krr-krr... krr-krr... krr-krr...

Nikawa nayumbisha mikono kulia na kushoto ili uzi utoke bila kukwama, kazi niliyoifanya tangu nikiwa na meno ya utoto. Kimya kilinikera. Nikaanza kisa cha bibi aliyempeleka mbuzi kwa daktari wa meno. Hicho nimekisimulia hata usingizini, mke wangu shahidi. Daktari kamwambia mbuzi afunue mdomo, bibi kasema subiri kwanza daktari, huyu mbuzi...

Huyu mbuzi...

Sikukumbuka. Pale penye mwisho wa kisa palikuwa peupe, kama ukuta palipotolewa picha.

"Dada, yule mbuzi alifanya nini?"

Krr-krr... krr-krr...

Nikataka kucheka usahaulifu wangu. Kinywa kilifunguka. Kifua kikasukuma. Ukatoka upepo mtupu.

Ndipo nikasikia kitu kingine. Nyuma ya pazia kile kiti kilikuwa hakiburutwi tena. Shemeji alikuwa anapumua taratibu, laini, na kila pumzi ilikuwa inaangukia pale pale mpini ulipomaliza mzunguko.

Nikatazama kitanzi mikononi mwangu. Bonge kwenye kijiti lilikuwa limenenepa. Kitanzi kilikuwa hakijapungua.

Nikaufuata uzi kwa macho. Kutoka kwenye bonge hadi kwenye kijicho cha waya. Kutoka kwenye kijicho, ukipita hewani, ukija kwangu...

Haukugusa kitanzi.

Uliingia kwenye mkono wa shati langu.

"Dada..."

Nikahisi mvuto. Haukuuma. Ulikuwa kama mtu anayetoa mwiba kwa upole, mwiba mrefu usiokuwa na mwisho, kuanzia chini ya moyo.

"Dada, acha!"

"Kidogo tu. Vumilia kidogo tu, mdogo wangu."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, na mkono wake ulikuwa hausimami. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho. Mkono ule ulionifunga kamba za viatu.

Nilijaribu kutoa viganja, kitanzi kikakaza. Basi nikafanya lililobaki. Niliinama, nikaudaka uzi kwa meno, nikaung'ata.

Ulikuwa na joto. Ulikuwa na chumvi.

Ukakatika.

Kitanzi kikaanguka sakafuni kikiwa uzi wa kawaida. Mpini ukasimama. Na kwenye kile kimya, nyuma ya pazia, shemeji yangu akacheka.

Mimi nakijua kicheko changu. Kinaanza kwa mluzi puani, kinapanda kama pikipiki mlimani, kinamalizikia kwa kikohozi cha mbwa. Watu hunitambua nacho gizani. Na ndicho kilichotoka chumbani kwa mgonjwa, chote, na mluzi wake na kikohozi chake cha mbwa.

"Mke wangu!" shemeji akaita kwa sauti ya mtu mzima. "Yule mbuzi! Nimemkumbuka yule mbuzi!"

Dada akajishika kichwa.

"Ilitakiwa awe mtu wa damu yangu," akanong'ona. "Na akubali mwenyewe. Wewe kicheko unacho kingi. Kila siku unakimwaga kwa watu usiowajua, wanaondoka wanakula karanga. Yeye alikuwa anakufa. Nilisema, mdogo wangu hatakosa kidogo..."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ungeniomba, dada!"

Mkono wake ulirudi kwenye mpini, akaanza kutafuta ncha ya uzi iliyokatika. Sidhani hata alijua anafanya nini. Nikamsukuma. Nililinyakua bonge kutoka kwenye kijiti, nikatoka mbio bila skafu, na kiatu kimoja nikakiacha mlangoni. Akanifuata mpaka kibarazani akipiga kelele, majirani wakachungulia.

"Usilifumue! Mwenzio atakatika! Kwa ajili ya mama yetu, usilifumue!"

Jukwaani sasa naanguka kama zamani, na watu wananikimbilia kuniuliza kama nimeumia. Mke wangu anasema nimekuwa mtu wa heshima, na anasema hivyo kwa huzuni. Mtoto wangu wa mwisho akijificha nyuma ya kiti akanirukia "Bwaa!" mimi namwambia, "Nimekuona." Ananitazama usoni, anasubiri. Anasubiri sana. Kisha anaenda kucheza mwenyewe.

Shemeji ameamka. Amerudi kazini na brashi zake, na nasikia mafundi wenzake wanagombea kupangwa naye, maana siku haichoshi ukiwa na mtu kama yule.

Yule mwanamke wa mashine hatukumpata. Dada anasema alibisha kwa kuuliza kama kuna mgonjwa. Mashine yenyewe asubuhi haikuwepo mezani, ila tundu la skrubu kwenye mbao bado lipo. Nimeliona kwa macho yangu.

Dada huja kwangu baadhi ya jioni. Haingii. Anasimama mlangoni, mikono ameifunga kwenye khanga kama anayeogopa itafanya kitu.

"Hujalifumua?"

"Sijalifumua."

"Mungu akubariki, kaka'ngu."

Naye huondoka. Simsemeshi zaidi. Nimemkasirikia mno. Nimewaambia ndugu wote kwamba dada ni mchawi, ameniuza mimi kwa ajili ya mwanamume, na wamekubaliana nami, wapo wasiomsalimia tena. Alinivuta kama uzi, nawaambia, na wala hakuniomba!

Bonge liko kabatini, nyuma ya mashati. Lina joto kama kifaranga. Ncha yake ya mwanzo inachungulia tumboni, nyembamba, ya kijivu.

Juzi nilivuta kidogo. Urefu wa kidole, basi. Nikacheka. Jamani! Mtoto alikuja akikimbia kutoka uani, akanirukia shingoni, tukabingirika sakafuni wote wawili.

Jana asubuhi dada alipiga simu kusema kifua cha shemeji kimeanza tena, sijui ni vumbi la rangi. Nikamwambia ampe maji ya moto.

Jana jioni nikavuta tena.

Dada alinivuta mara moja, akilia. Mimi ninavuta nikicheka.