Mstari Mwekundu Mkononi mwa Kalunde

Mimi ni Kalunde, wa huku karibu na Kathonzweni. Nasuka viondo, vile vikapu vya kubeba begani. Nikishamaliza kupalilia pojo, naketi kivulini, nanyoosha miguu, nasokotea nyuzi za mkonge pajani. Nyuzi zinateleza na akili inatembea. Mume wangu Musyimi husema nikisuka huwa sipo nyumbani. Ni kweli. Huwa niko mbali, mahali pazuri.

Mwaka huu nilikuwa nasuka kiondo cha binti yangu Kanini. Alikuwa anaolewa Agosti. Nilimwahidi atatoka kwangu na kiondo cha mkono wangu, si cha kununua sokoni.

Jumatatu nilikuwa nakata majani ya mkonge. Mwiba ukanidunga chini ya kidole gumba, mkono wa kulia. Nikauchomoa kwa meno, nikapaka majivu, nikaendelea. Nani huacha kazi kwa sababu ya mwiba? Jioni nikatia nyuzi zangu kwenye rangi nyekundu.

Jumatano mkono ulikuwa umevimba. Kidole gumba kilikataa kukunjika. Mwili ulikuwa moto, na bado nilisikia baridi, tena juani. Nikalala mkekani, nikaota mkono wangu unasuka peke yake. Uzi mwekundu ulitoka kwenye kiondo ukapanda mkononi, polepole, bila kuniumiza. Niliutazama tu. Niliona unapendeza.

Nilipoamka, mstari mwekundu ulikuwapo kweli. Ulitoka kiganjani ukaelekea kwenye kiwiko. Nikajua ni ile rangi yangu ya Jumatatu. Nikachukua sabuni, nikasugua. Haukutoka. Nikasugua tena.

Mutindi akanikuta hapo kwenye karai. Yeye ni jirani yetu, na ni mhudumu wa afya wa kijiji.

"Mama Kanini, leo unafua mkono?"

"Rangi hii imekataa kutoka."

Aliushika mkono, akautazama. Kisha akatoa kalamu, akachora alama pale mstari ulipoishia.

"Hii si rangi, mama. Ni bakteria. Ni vijidudu vidogo sana, macho hayavioni. Viko kwenye mchanga, kwenye ngozi, hata mdomoni. Mwiba ulivifungulia mlango. Sasa vinapanda chini ya ngozi."

"Basi nitapaka majivu mengine."

"Majivu hayaviui. Yanaongeza uchafu tu. Vikifika kwenye msuli, nyama inaweza kuoza ukiwa hai. Vikienea kwenye damu, vinaweza kukuua."

"Na kiondo cha Kanini?"

"Kwanza mkono. Kiondo hakijisuki."

Hapo ndipo niliogopa. Kazi ya mkono huu ndiyo pekee ninayoijua. Musyimi aliita bodaboda, tukaenda dispensari. Tulipofika, mstari ulikuwa umeipita alama ya Mutindi kwa vidole viwili.

Muuguzi aliona mkono akaniingiza mbele ya wengine. Alisafisha kidonda, akatoa usaha. Ndani yake kulikuwa na ncha ya mwiba, ndogo kama punje ya wimbi. Alinidunga sindano ya kuua bakteria na nyingine ya kuzuia pepopunda. Akanipa vidonge vya siku saba.

"Kesho rudi niuone. Mstari ukizidi kupanda, usingoje kesho. Na vidonge meza vyote, hata ukisikia umepona."

Kesho yake mstari ulikuwa umeshuka chini ya alama. Siku ya nne nikasikia nafuu, nikataka kuweka vidonge vilivyobaki, labda vitamfaa mtu. Musyimi alisimama mbele yangu na kikombe cha maji. Nilimeza, na kesho tena, mpaka vikaisha.

Siku hizi kikundi chetu cha kusuka hakikati mkonge bila jerikeni ya maji safi na sabuni kando. Ukidungwa, unaacha kazi. Unaosha hapo hapo, unafunga kitambaa safi. Mkono ukivimba, ukiwa na joto, au ukiona mstari, unaenda dispensari siku hiyo hiyo. Kanyiva, mwenzetu wa kikundi, hunicheka kwamba nimekuwa daktari wa miiba. Acha acheke, mradi ananawa.

Agosti ilifika. Kanini alipokea kiondo chake, akakigeuza geuza. Kilikuwa cheupe chote, ila uzi mmoja mwekundu uliotoka chini ukapanda, ukakoma katikati.

"Mama, rangi iliisha?"

"Haikuisha," nikamwambia. "Ilisimamishwa hapo."