Skrubu ya Mwantum Haipakwi Mafuta

Asubuhi katika ua wa Mzee Mselemu, hapa Singida mjini, ilianza kwa kelele. Mashine ya kukamua alizeti ilinguruma. Luqmani, mtoto wake wa kiume, alimwaga mbegu. Bi Swaumu, mke wa mzee, alipanga madumu ya mafuta. Mwantum, binti yao mkubwa, alikaa getini akiuza. Tangu biashara iliporuhusiwa kwa watu binafsi, mashine za namna hii zilikuwa nyingi mjini. Mteja akiudhika alikwenda kwa jirani. Muuzaji alihitaji kusikia vizuri.

Na Mwantum alisikia. Zamani haikuwa hivyo. Masikio yake yalitoka usaha tangu utotoni, na kifaa cha kusikilizia kinachoziba tundu la sikio kilizidisha ugonjwa. Mwishowe madaktari wa Dar es Salaam walimfanyia upasuaji. Walimwekea skrubu ndogo kwenye mfupa wa kichwa, nyuma ya sikio la kulia. Ncha yake ilitokeza nje ya ngozi. Mwantum alipachika kifaa kidogo cha kusikilizia kwenye ncha hiyo, na mfupa ukapeleka sauti ndani ya sikio. Akaanza kubishana na wateja na kucheka nao. Biashara ikachangamka.

Hospitali walieleza namna ya kuitunza ngozi. Lakini walimweleza nani? Walimweleza Luqmani, kwa sababu ndiye aliyemsindikiza. Mwantum alikuwa amekaa palepale, na hakuna aliyemtazama. Ninaposimulia haya nakasirika upya. Mwenye kichwa yupo, anaelezwa msindikizaji!

Luqmani ni fundi hodari wa mashine. Habari za maji na sabuni alizisahau njiani. Alichokumbuka ni chuma.

"Mama," alisema alipofika nyumbani, "hiyo skrubu isipopakwa mafuta itashika kutu."

Basi kila asubuhi Bi Swaumu alichovya kidole kwenye mafuta ya alizeti, akapaka skrubu na ngozi inayoizunguka. Kisha Mwantum alifunga ushungi, akaukaza sana ili upepo usiupeperushe. Vumbi la Singida mnalijua. Lilinata kwenye mafuta, likaganda kuzunguka skrubu. Ngozi ikawa nyekundu. Ikavimba, ikauma, ikatoa usaha. Kifaa hakikukaa tena. Mwantum akakifunga kwenye kitambaa.

Wateja walianza kumpigia kelele. Wengine walimcheka wazi wazi. Baba yake akamtoa getini, akampeleka nyuma kufunga magunia ya mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa.

Alasiri moja Mzee Mselemu alimwita kaka yake, Abdulkadiri. Wakakaa na Luqmani kando ya mashine. Walizungumza taratibu. Mwantum aliona midomo ikitembea, hakusikia neno. Kisha akamwona Luqmani akifungua sanduku la vifaa na kutoa plaizi. Akaelewa.

"Ya nini hiyo?" aliuliza kwa nguvu.

Baba yake alikionyesha kichwa cha Mwantum, akafanya ishara ya kung'oa. "Tunakusaidia, mwanangu!"

"Mnakaa kikao cha kichwa changu, mimi mwenyewe sijaambiwa!" Mwantum alifoka. "Baba, nakuheshimu. Lakini mimi si mashine ya alizeti. Mkiing'oa, nitasikia na nini?"

Akachukua kifaa chake, akatoka mbio hadi kwa jirani yao Redempta, muuguzi wa kliniki ya masikio. Wote wakamfuata, Bi Swaumu naye, plaizi bado mkononi mwa Luqmani.

"Shikamoo mzee," Redempta alimwamkia Mzee Mselemu. Kisha akaiona plaizi. "Mungu wangu! Luqmani, skrubu hii imeshikana na mfupa. Unataka kumuua dada yako?"

"Tulidhani imeshika kutu," Luqmani alijibu.

"Haishiki kutu. Ni chuma cha namna nyingine. Nani aliipaka mafuta?"

"Mimi," alisema Bi Swaumu. "Ni mafuta safi, tunayala."

"Ni mazuri chunguni, mama. Hapa yanakamata vumbi na kulisha vijidudu."

Mzee Mselemu akauliza, "Sasa tumfanyie nini?"

"Nitamwambia yeye," alisema Redempta. Akamgeukia Mwantum, akamkaribia, akapaza sauti. "Kesho asubuhi twende hospitali. Usaha unahitaji dawa ya daktari. Usinunue dawa ya kupaka dukani kwa kubahatisha. Baadaye, kila siku vua kifaa, kisilowe. Osha kuzunguka skrubu kwa maji safi, sabuni na mswaki laini wa mtoto. Suuza, kausha. Usipake mafuta wala majivu. Ushungi uvae, ila usiukaze pale. Ukilala, vua kifaa. Na ujue, hata anayeosha vizuri ngozi yake inaweza kuvimba. Si aibu. Ukiona wekundu, maumivu au usaha, njoo mapema."

"Kwa nini sikuambiwa haya?" Mwantum aliuliza. Machozi yalimtoka.

"Ulipaswa kuambiwa. Walikukosea," alisema Redempta.

Daktari alisafisha ngozi na kutoa dawa. Mwantum aliosha mwenyewe, na mama yake akamshikia kioo. Uvimbe ukashuka. Ngozi ilipopona, daktari akamruhusu kuvaa kifaa, naye akarudi getini bila kumwomba mtu ruhusa.

Siku moja mteja mmoja aliingia na dumu lake, mabaki ya maji yakidondoka kutoka chini yake. Akampita Mwantum, akamwendea Mzee Mselemu.

"Mzee, huyu binti yako siku hizi anasikia?"

"Muulize mwenyewe," alijibu mzee, akaendelea na kazi.

Mteja akageuka kwa aibu. Mwantum alikuwa akimtazama.

"Nasikia," alisema. "Hata dumu lako linavyovuja nalisikia. Kalete jingine."