Kupe wa Makaburini

Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya mavuno, mume wangu Gyutae hupanda mlimani kufyeka majani kwenye makaburi ya wazee wake. Mwaka ule alikwenda na kaptura. Mbwa wetu Duri akamfuata.

"Vaa suruali ndefu, Baba Solbi," nilimwambia.

"Joto lote hili? Unataka niive?"

Mbishi huyo, acheni tu! Alifyeka, akasujudu mbele ya makaburi, kisha akajilaza papo hapo majanini. Jioni alikaa barazani akimtoa Duri kupe na kuwapasua kwa kucha.

"Mikono mitupu?" nikauliza.

"Kupe tu hawa. Nimewapasua tangu utoto."

Wiki iliyofuata homa ikampanda. Akatapika, akaharisha.

"Uchovu tu," akasema. "Nipikie uji."

Nikapika. Hata kijiko kimoja hakikupita.

Siku hiyo jirani yetu Eunsil, daktari wa mifugo, alikuja kuwachanja ng'ombe wetu. Akasikia mtu akigumia ndani.

"Shemeji ana nini?"

"Homa. Haishuki."

"Alikwenda makaburini?"

"Nani haendi msimu huu?"

Eunsil akaingia, akamchunguza miguu. Nyuma ya goti palikuwa na alama ya kuumwa.

"Mama Solbi, hii huenda ni homa ya kupe. Swala wa mlimani hudondosha kupe majanini. Kupe humdandia mtu, au mbwa, na mbwa akawaleta mpaka barazani. Ugonjwa huu unaua, na hauna chanjo. Twende hospitali sasa hivi!"

Tukamkimbiza. Hospitalini walipima damu, wakakuta ni yenyewe. Nililia kwenye korido bila kujali nani ananitazama. Gyutae wangu angeniacha na nani?

Hali yake ilikuwa mbaya kwa siku kadhaa. Kisha asubuhi moja akafumbua macho.

"Uji wa hapa hauna chumvi," akanung'unika.

Nilicheka huku nalia. Moyo wangu ukatua.

Gyutae aliporudi nyumbani, Eunsil alitufundisha. Duri akapakwa dawa ya kupe. Kupe tunamng'oa kwa kibano, tukiwa na glavu, wala hatumpasui, maana majimaji yake nayo huambukiza. Majani yanayozunguka nyumba na zizi tukayafyeka. Anayetoka mlimani anaoga na kufua nguo mara moja. Akipata homa baadaye, anawahi hospitali na kueleza alikokuwa.

"Kumbe afya yetu imeshikana na ya mbwa na mlima!" nikasema.

"Ndivyo," akajibu Eunsil. "Ukimtibu mbwa, umejikinga na wewe."

Mwaka uliofuata nilipanda mlimani na Gyutae na binamu yake. Gyutae alivaa suruali ndefu, amechomeka miguu ya suruali ndani ya soksi. Alisujudu juu ya mkeka. Kazi ilipokwisha, binamu yake akajinyoosha majanini.

"Inuka hapo, wewe!" Gyutae akamkemea. "Unataka mwakani mkeo aje kufyeka kaburi lako?"

Binamu akaruka. Sote tukacheka, na Gyutae akacheka kuliko sote.