Kidole Gumba cha Fundi Darubini

Siku yenyewe ilianza bila neno. Wateja walikuja kuchukua miwani yao, na jirani yetu Fundi Darubini alikuwa ameinamia meza yake tangu asubuhi, mgongo umepinda kama mpini wa mwavuli. Jina hilo tulimpa sisi mtaani. Miwani ilikuwa riziki yake, lakini moyo wake wote ulikuwa kwenye kifaa alichokuwa akikibuni kwa miaka: bomba fupi la kuchungulia kwa jicho moja, linaloona joto badala ya mwanga. Humo gizani mtu huonekana mweupe na ukuta mweusi. Ukinyanyuka kitini, kiti hubaki na weupe wa makalio yako kwa muda, jambo ambalo watoto wa mtaa hawakuchoka kulicheka.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa na utani wake. "Hicho kidude kitakuja kuona mpaka uongo," alikuwa akisema. "Siku hiyo utakivunja mwenyewe."

Mama mkwe wake aliishi nao. Bibi wa watu alikuwa amezidiwa na usahaulifu. Leo alikuita kwa jina lako, kesho akakuuliza wewe ni wa nani. Lakini jambo moja halikumtoka. Kila alipoingia karakana alimwekea mkwewe kiganja katikati ya mgongo na kumsukuma. "Nyoosha mgongo, mwanangu. Utazeeka kabla yangu." Kidole chake cha mwisho hakikuwa na pingili ya juu, mashine ya kusaga nafaka ilikichukua zamani, na fundi aliujua mkono ule bila kugeuka. Alimpenda yule mama. Ni vizuri hilo lijulikane mapema.

Mchana ule fundi alikuwa akifunga kidirisha kidogo cha ndani, kile kinachokaa mbele ya kihisi, kipande kinachopokea joto. Ni kazi ya kuzuia pumzi. Alama ya kidole ikibaki pale, itaonekana kwenye picha kama kiwingu, na kifaa kikishafungwa ndiyo basi. Akiwa amekishika kwa ncha za vidole, kiganja kikatua mgongoni.

"Nyoosha mgongo, mwanangu."

Mkono ukamponyoka. Alihisi kidole gumba kimegusa mahali pasipoguswa.

"Mama, unaniharibia kazi!" akafoka. "Hebu nipishe. Nenda nje kidogo."

Bibi alimtazama kama mtu anayemtafuta kwenye kumbukumbu asimpate. "Haya, naenda," akasema taratibu, akatoka.

Fundi angeweza kukitoa kile kidirisha akakipangusa. Lakini gundi ilikuwa imeshaanza kushika, na hasira nazo zilikuwa zimeshampanda. Akajisemea kwamba doa dogo halimuui mtu. Akafunga.

Jioni mkewe alirudi kazini akauliza mama yuko wapi.

Walimtafuta kwa majirani, wakamtafuta barabarani, wakamtafuta kwenye nyumba aliyowahi kupanga enzi za ujana wake. Jua lilipozama, mtaa mzima ulikuwa umesimama ukingoni mwa machimbo ya mawe yaliyoachwa, mahali barabara inapogawanyika, njia moja ikishuka machimboni na nyingine ikielekea mtoni. Ndipo shemeji akasema, "Kifaa chako, shemeji. Si kinaona watu gizani?"

Fundi akakimbia kukileta. Watu wakampisha. Akaweka jicho.

Machimbo yalikuwa meusi, baridi, matupu. Ila chini, upande wa kushoto, palikuwa na kitu. Kiwingu. Cheupe kidogo, hafifu, cha kiasi cha ncha ya kidole.

Kila fundi wa vifaa vya kuonea anajua la kufanya akikutana na kiwingu. Unageuza kifaa kidogo tu. Kiwingu kikifuata kifaa, ni uchafu wa ndani. Kikibaki mahali pake, kiko nje, ni kitu kweli. Ni kupinda kiwiko tu, basi. Lakini watu wote walikuwa wakimtazama, na yeye alikuwa akilijua doa lake. Hakutaka waseme kifaa cha miaka yote ile kina kasoro siku ya kwanza. Hakugeuza.

"Huku hakuna kitu," alisema. "Twendeni mtoni."

Wakaenda mtoni wote. Yeye akiwa mbele.

Asubuhi wakata mawe wawili walimkuta mama machimboni, chini, upande wa kushoto, amejikunyata nyuma ya jiwe, viatu vyake vimepangwa pembeni kama mtu aliyefika kwake. Daktari alisema ni baridi iliyomuua, na kwamba ilikuwa alfajiri. Shemeji alimshika fundi bega msibani mbele za watu. "Ulifanya ulichoweza," alimwambia. Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyejua kwamba ndiye aliyemtoa nje bibi wa watu, wala kwamba alikiona kile kiwingu.

Matanga yalipokwisha alirudi karakana usiku. Alijifungia kwenye chumba cha giza, kijichumba cha kupimia vifaa, akawasha taa na kukivunja kifaa gundi kwa gundi. Alitaka kuiona ile alama. Alikuwa anaihitaji. Kama ipo, basi huenda alichokiona kilikuwa alama tu, na anaweza kulala.

Kidirisha kilikuwa safi.

Alikigeuza huku na huku chini ya taa. Akachukua kioo cha kukuzia. Hapakuwa na kidole wala vumbi. Hapakuwahi kuwa na kitu. Alikaa chini sakafuni, akalia huku amejiziba mdomo, maana mkewe alikuwa chumba cha pili.

Alipokiunganisha tena na kuzima taa, akachungulia. Kiwingu kilikuwepo. Chini, kushoto.

Safari hii akageuza.

Kiwingu kikabaki mahali pake.

Kilikuwa upande wa mlango. Mlango wa chumba kile una kioo, na nyuma ya kioo ndipo kilipo kigoda alichozoea kukalia mama. Lakini joto halipiti kwenye kioo. Kwa kifaa kile, kioo ni ukuta. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Na bado alimwona. Umbo dogo, limejikunyata. Weupe wake ulikuwa ukififia polepole, kama wa kiti kilichoachwa.

Kisha likainuka.

Aliangusha kifaa. Akapapasa swichi. Taa ikawaka. Kigodani hapakuwa na mtu. Akageuka kuinamia meza ajishikilie, na hapo akahisi kitu mgongoni. Chepesi. Cha moto.

Hakupiga kelele. Alimwita mkewe kwa sauti ya chini.

Mkewe aliingia akiwa bado na macho mekundu ya msiba. Fundi alimpa kifaa, akazima taa, akampa mgongo. Hakuweza kujitazama mwenyewe. Kwenye kioo cha kujitazamia kifaa kile hakioni vizuri. Ilibidi aangaliwe.

"Niangalie mgongoni," alinong'ona. "Niambie unaona nini."

Mkewe akaweka jicho.

"Nani amekushika?" mkewe akauliza.

"Kwani kuna nini?"

"Kuna mkono. Kiganja kizima." Sauti yake ikapungua. "Kidole cha mwisho ni kifupi."

Fundi alivua shati. Akajimwagia maji ya ndoo. Akampa mgongo tena.

"Mkono bado upo," mkewe alisema. "Siku ile machimboni. Ulimwona mama?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Giza, watu wawili tu, swali moja. Alikuwa na hofu ya kumpoteza mke pia.

"Sikuona kitu."

"Unapanda," mkewe akanong'ona. "Mkono. Unapanda shingoni."

Fundi aliuhisi. Haukukaba. Ulimsukuma tu, kama siku zote, na mgongo wake ukanyooka wenyewe mpaka mifupa ikalia. Akiwa amesimama wima hivyo gizani, alisema yote. Alisema alivyomfokea, alivyomtoa nje, kiwingu, na kiwiko ambacho hakukipinda. Alisema mpaka maneno yakamwishia.

Mkewe hakulia. "Mkono umeondoka," alisema. Kisha, akiwa bado anachungulia, "Hebu nyoosha mikono."

Akanyoosha.

"Kidole gumba chako cha kulia kiko wapi?"

Alikigusa kwa mkono mwingine. Kilikuwepo, kilekile alichodhani kimeacha alama kwenye kidirisha. Lakini kwenye kifaa mkono wa kulia ulikuwa na vidole vinne vyeupe na pengo jeusi.

Mkewe aliweka kifaa mezani akaenda kwa kaka yake usiku uleule, akamweleza yote, na mtaa ukapata kujua. Alirudi baada ya miezi kadhaa, na mpaka leo hajasema amesamehe wala hajasema hajasamehe. Shemeji hapiti tena mtaa huu. Fundi angali anatengeneza miwani, amekaa wima kama askari wa gwaride, na kifaa kimefungwa kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua.

Hapendi kumpa mtu mkono. Lakini siku moja nilikwenda kuchukua miwani yangu, naye akajisahau akaninyooshea. Kiganja chake kilikuwa na joto kama cha mtu yeyote, na hali ya hewa ilikuwa ya jasho. Kidole gumba kilikuwa baridi kama jiwe la machimboni alfajiri. Nilipofika nyumbani nikavaa miwani ile, nikaona kiwingu kidogo chini, upande wa kushoto. Nimeipangusa mara nyingi, hakitoki, na kugeuza kichwa nione kama kinanifuata sijathubutu.