Viota Kumi na Vitano vya Mto Mvureni

Mhandisi Kajiru Mchome hakuwa na mke, maana mwenzake alikuwa kaburini mwaka wa sita sasa. Hakuwa na jirani, hakuwa na jogoo wa kumwamsha, wala mtu wa kumwambia kwamba chai imekosa sukari. Alichokuwa nacho ni Mizani.

Mizani ilikuwa mashine-hakimu iliyojengwa juu ya lango la Mto Mvureni, ikigawa maji bila kumpendelea mtu. Kila saa ilifumbua jicho-maji lake, ikapekua sakafu ya kidimbwi kilicho nyuma ya lango na kuhesabu viota, yaani vishimo ambavyo dume la perege huchimba mchangani akimngoja jike. Perege wa aina hiyo hawakupatikana mto mwingine wowote. Kwa hiyo sheria ilisema: viota vikizidi kumi, maji yasipungue, mifereji ya mashamba ingoje. Kajiru ndiye aliyeifundisha mashine hesabu hiyo, na aliionea fahari kama mwalimu anavyomwonea mwanafunzi aliyeshika namba moja.

Mwaka huo viota vilikuwa kumi na vinne, na mifereji ilikuwa mikavu kwa siku ya ishirini. Dada yake Nakijwa, mkulima wa vitunguu huko bondeni, akapiga simu.

"Hujambo, baba samaki? Wanao wameshiba?"

"Shikamoo, dada. Vumilia kidogo."

"Marahaba. Vitunguu vyangu vimebakiza siku tatu, kisha nitavitia moto. Hebu niambie, vifaranga vya hao samaki umeviona?"

"Mizani huhesabu viota."

"Mimi kuku wangu siwahesabu kwa matundu, Kajiru! Mama angekucheka."

Simu ikakatika. Kajiru naye akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Tangu amzike mkewe hakuwa ameketi ukingoni mwa mto. Jicho la mashine lilimtosha.

Kesho yake akachukua kigoda, akaketi hapo tangu alfajiri. Akamwona perege mmoja mwenye pezi lililochanika. Alisafisha kiota kwa mdomo, akakizunguka, akangoja. Jike hakuja. Akahamia cha pili, halafu cha tatu. Kila Mizani ilipofumbua jicho, ilimkuta kwenye kiota kingine, ikamwandika kuwa dume jingine. Jua likishuka, samaki yule alianza kuchimba kipya.

"Kumbe uko peke yako, mwenzangu," Kajiru akasema.

Kisheria, ushahidi dhidi ya mashine-hakimu ulitakiwa kuandikwa kwa mkono, ili mashine isiuguse. Kajiru alijua kwamba barua ikifika, lango litafunguliwa, kidimbwi kitakauka, naye mwenyewe hatahitajika tena hapo. Asipoipeleka, vitunguu vitakufa kwa ajili ya majike wasiokuwepo.

Akaandika: "Kwa Baraza la Mto. Perege ni mmoja tu. Kosa ni langu, si la mashine. Wapeni wakulima maji. Samaki nitambeba kwa ndoo hadi ndiva ya dada yangu, bwawa lake la kumwagilia, nami nitakaa naye huko."

Dada hakuwa ameulizwa. Angetukana kwanza, kisha angewapokea.

"Mhandisi," Mizani ikasema, "viota sasa ni kumi na vitano. Hongera."

Kajiru akapaka bahasha gundi, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika, akaifunga kwenye kucha za tarishi-anga, ndege wa kupeleka barua Barazani, akamwachia aruke.