Klaviolini ya Mjane

Juvénal alikuwa fundi redio Pinetown, kando ya Durban, Mkongo wa Uvira, na katika mji huo mzima cha kujivunia alikuwa nacho kimoja tu: mkewe Henriette, aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Jumamosi moja tulivu ya mwaka 1998 alikwenda kutengeneza televisheni ya mjane wa Kihindi. Mama huyo akampa kinanda cha marehemu mumewe, klaviolini, kidogo, cha umeme, chenye spika yake pembeni. Kilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, nyembamba, ya kujinyonganyonga, ile ya filamu za zamani za Kihindi nyoka anapoitwa kwa zumari.

Mjane hakuwa na sauti ila mnong'ono. Alimpa sharti moja: akilinganishe sauti na chombo kingine, kamwe asikilinganishe na mdomo wa mtu. Juvénal aliitikia huku akili yake iko kanisani.

Kanisa lao la Cato Manor lilikuwa na ngoma tu. Na katika kwaya yao sauti hutolewa na mama anayeanzisha, wengine wote humfuata yeye. Basi akamsimamisha Henriette sebuleni, akamwambia ashikilie "aaa", naye akawa anazungusha skrubu ya nyuma taratibu. Sauti mbili zikakaribiana. Zikagusana. Zikawa moja. Henriette akafumba mdomo. Juvénal akaondoa kidole kwenye kibonyezo. Sauti ikaendelea.

Jumapili kinanda kiliimba kwa sauti ya Henriette mwenyewe, pamoja na kile kikwaruzo chake akifika juu. Waumini walilia. Wakampa Juvénal mkono, wakamwita mtumishi. Mkewe alikuwa benchi la nyuma, koo limemkauka.

Hapo ndipo roho inapouma. Mtu hasahau sauti ya mkewe. Juvénal alijua ni ya nani, ila sifa zilikuwa zimemnogea.

"Zima hii kitu, Juvénal," Henriette alinong'ona jikoni. "Iko nanivuta."

"Vumilia, chérie. Pasaka ipite kwanza."

Pasaka ikapita. Asubuhi moja Henriette akafungua kinywa kumwita mumewe, hata mnong'ono haukutoka. Daktari alichungulia koo, akasema ni zima kabisa.

Juvénal akapandwa na hasira, zile hasira za mwenye kosa. Akachomoa waya, akakibeba kinanda hadi uani, akainua nyundo.

Ndani ya boksi la kinanda, bila umeme, sauti ya Henriette ikasema, "Juvénal. Ngoja. Niko humu."

Nyundo ilikuwa tayari inashuka.

Alivikusanya vipande akiita jina la mkewe, akilia kama mtoto. Henriette akatoka, akapiga magoti kando yake, akaokota kibonyezo kimoja cheupe, akakiweka sikioni. Akasikiliza. Akawa anaitikia kwa kichwa, polepole, kwa muda mrefu.

"Inasema nini?" Juvénal akauliza, akanyoosha mkono naye asikie.

Henriette akamtazama. Akafumba kiganja, akaingia ndani.

Mpaka leo hulala amekifumbata kibonyezo hicho, amempa mumewe mgongo. Na kila asubuhi huwa kimelowa mate, kama mdomo uliokesha ukisema.