Kandambili ya Bi Mwajabu

Kila asubuhi Tekla alipanda kutoka bondeni na beseni la mchicha kichwani. Nyumba ya kwanza njiani ilikuwa ya Mfaume, fundi uashi wa Mbagala. Hapo alitua beseni na kumwamkia Bi Mwajabu, mama yake Mfaume.

"Shikamoo bibi. Mboga yako hii."

"Marahaba mwanangu. Utafilisika kwa ajili yangu."

"Nani kakwambia fungu moja la mchicha linafilisi mtu?"

Bustani ya Tekla ilikuwa kando ya mto Mzinga. Mchicha aliouza ulimletea unga. Uliobaki ulikuwa mboga ya wanawe jioni. Hakuwa na kazi nyingine.

Mwaka ule masika yalichelewa, kisha yakaja kwa mkupuo. Choo cha Mfaume kilikuwa kimejaa. Gari la kunyonya majitaka haliingii kwenye uchochoro wao, na Mfaume hakuhangaika kutafuta njia nyingine. Alikuwa na njia yake. Siku alipojenga choo kile alitoboa shimo, akapitisha bomba pana mpaka kwenye mfereji unaoteremka bondeni, akaliziba kwa matambara. Mvua kubwa ikinyesha, anachomoa matambara na maji yanabeba kila kitu. Mtaani wanaita kutapisha choo. Karibu kila nyumba ilitapisha, kwa hiyo Mfaume hakujiona mkosaji. Alijiona mjanja.

"Tayari mama, choo cheupe," alisema jioni ile akinawa.

"Na uchafu wenyewe unaenda wapi?"

"Unaenda na maji. Baharini huko."

Mto ulifurika. Maji yalipopungua, matuta ya Tekla yalikuwa chini ya tope jeusi. Lakini mchicha mwingine ulikuwa bado umesimama. Tekla aliuchuma, akausuuza, akapanda na beseni lake kama kawaida. Mkononi alishika kandambili.

"Bibi, nimeikuta kwenye tuta langu. Nimeijua kwa huu waya ulioishonea. Maji yameizoa hapa uani kwenu. Nimekuoshea."

Bi Mwajabu aliipokea, akaigeuza. Mfaume alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Aliijua kandambili ile kabla mama yake hajafungua mdomo.

"Hii haikuzolewa uani, mwanangu," Bi Mwajabu alisema polepole. "Ilinidumbukia chooni juzi juzi, kabla ya mvua."

Tekla aliitazama mikono yake. Kisha akamtazama Mfaume. Mfaume alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Mbagala siku ile ilikuwa imelowa tu, haikuwa na mpango naye.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema kila mtu anatapisha. Lakini beseni lilikuwa pale chini, limejaa, na Tekla alikuwa njiani kwenda kuuza. Tena akakumbuka masika ya mwaka uliopita, Tekla alipolazwa kwa kuhara. Yeye Mfaume alikwenda kumjulia hali, akampelekea dafu, akamwambia pole sana jirani. Kumbukumbu ile ilimchoma kuliko yote.

"Usiuze, dada Tekla," alisema. "Na nyumbani msile. Ni mimi. Nilifungua choo mvua ilipoanza. Hata mwaka jana nilifungua."

Tekla hakumtukana. Afadhali angemtukana.

"Mwaka mzima namlaumu mwenye kisima kwa kuhara kule," alisema. "Hata salamu simpi."

Mfaume alikwenda mwenyewe kumwita Rukaiya, mhudumu wa afya wa mtaa. Alimweleza kila kitu njiani, macho chini. Walimkuta Tekla amekaa kando ya matuta yake.

"Tukiuosha kwa chumvi je?" Tekla aliuliza.

"Hapana, dada," Rukaiya alijibu. "Maji haya yana kinyesi. Yanaleta kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo. Kuosha hakutoshi. Ng'oeni wote mfukie. Vaeni buti, kisha mnawe kwa sabuni. Maji ya kunywa mchemshe. Na udongo huu uacheni upigwe jua miezi miwili kabla ya kupanda tena."

"Miezi miwili wanangu wale nini?"

Rukaiya aligeuka kutazama nyumba za juu. "Kuna mtu ana uwanja wa juu, maji hayafiki?"

"Uani kwangu," Mfaume alisema.

"Basi tafuteni viroba. Jazeni udongo safi wa huko juu na samadi iliyooza vizuri. Toboeni chini, vipangeni juu ya matofali. Mwezi mmoja hivi, mnavuna. Na wewe fundi, kuna vijana wana pampu ya mkono na guta la magurudumu matatu. Wananyonya vyoo hata uchochoroni, na uchafu wanaupeleka kwenye mabwawa ya majitaka. Waite kabla ya mvua, si baada."

Mfaume aling'oa mchicha pamoja na Tekla. Wapita njia walimtania, "Fundi, siku hizi umekuwa mkulima?" Kila aliyeuliza alimwambia ukweli, na kila mara masikio yalimwaka moto. Wengine walicheka. Wengine waliondoka kimya, maana nao walikuwa na mabomba yao.

Aliwaita vijana wa pampu. Kisha akaliziba bomba kwa saruji na kuitundika kandambili juu yake kwenye msumari. Mpaka viroba vilipoanza kutoa mboga, yeye na mama yake waligawana unga wao na nyumba ya Tekla. Tekla aliupokea kutoka kwa Bi Mwajabu. Mfaume hakupewa hata salamu.

Vuli ilipoanza, jirani yao Kondo aliita juu ya ukuta, "Fundi, mvua hiyo. Leo hutapishi?"

"Njoo kwanza uone kitu," Mfaume alimjibu.

Alimwonyesha kandambili, akamsimulia, hakujificha. Kondo alirudi kwake bila kuaga. Baadaye akaita tena juu ya ukuta, sauti ndogo. "Ile saruji yako, imebaki?"

Asubuhi Tekla alikuja kuchuma kwenye viroba.

"Shikamoo bibi. Mboga yako hii."

Halafu akachukua fungu la pili, akamgeukia Mfaume.

"Na yako, fundi."

Mfaume alilipokea kwa mikono miwili. Uso hakuweza kuuinua.